Mwebrania, Mwisraeli, Myahudi: tunachanganya wapi, na dini yao ilianzaje hasa

Kila vita ya Mashariki ya Kati ikipamba moto, na tangu Oktoba 2023 haijapoa vizuri, kwenye magrupu ya WhatsApp ubishi ni ule ule. Mmoja anaandika Wayahudi ni taifa teule tangu enzi za Ibrahimu, wa pili anamjibu hao wa sasa sio wenyewe ni Wazungu waliojipachika tu, wa tatu anatupia mchoro wa Misri ya kale anasema Waebrania halisi walikuwa weusi tii kama sisi, halafu anaibuka mtu anasema Wamaasai ndo lile kabila lililopotea, basi hapo ustadhi na mzee wa kanisa wote wanaingia na aya zao mpaka admini anafunga grupu watu wakalale.

Mi nadhani nusu ya ugomvi huu ungeisha kama watu wangekubaliana kwanza wanaongelea nani, na wa mwaka gani. Tunachukua majina matatu tunayatumia kama jina moja, halafu tunachukua miaka zaidi ya elfu moja ya historia tunaibana ionekane kama siku moja tu, siku Musa aliposhuka mlimani na zile mbao mbili, dini ikawa imekamilika pale pale. Haikwenda hivyo. Na Biblia yenyewe ukiisoma taratibu, bila haraka ya kumjibu mtu, haisemi ilikwenda hivyo.

Nikiandika KK ni Kabla ya Kristo na hesabu inarudi nyuma, yaani 1200 KK ni zamani kuliko 500 KK. BK ni baada ya Kristo. Twende.

Majina matatu

Mwebrania ndo jina la zamani zaidi kwenye masimulizi. Ibrahimu anaitwa hivyo kwenye Mwanzo 14. Ukifuatilia linavyotumika utaona mara nyingi linatoka kinywani mwa mtu wa nje, au mwenyewe anapojitambulisha kwa mgeni: mke wa Potifa akimsingizia Yusufu anamwita Mwebrania, Yona kwenye merikebu akiulizwa na mabaharia wewe ni wa wapi anajibu mimi ni Mwebrania. Wenyewe kwa wenyewe hawaitani hivyo sana.

Mwisraeli ni mtu wa yale makabila yanayojihesabu kuwa wana wa Yakobo, ambaye alipewa jina la Israeli. Baadaye likawa pia jina la ufalme wa kaskazini uliokuwa na makao yake Samaria. Leo Mwisraeli ni kitu kingine kabisa, ni raia wa nchi iliyotangazwa tarehe 14 Mei 1948, na karibu mmoja katika kila raia watano wa nchi hiyo ni Mwarabu, ana pasipoti ya Israeli na sio Myahudi. Na kuna mamilioni ya Wayahudi wa Marekani ambao sio Waisraeli.

Myahudi kwa asili ni mtu wa Yuda, ule ufalme mdogo wa kusini wenye Yerusalemu. Sasa fungua 2 Wafalme 16. Pale ndo Wayahudi wanatajwa kwa jina hilo mara ya kwanza ukifuata mpangilio wa vitabu, na kwenye sura hiyo hiyo mfalme wa Israeli ameungana na mfalme wa Shamu (Syria ya leo) wanaizingira Yerusalemu. Yaani Wayahudi wanapoingia kwenye kumbukumbu, wanapigwa na Waisraeli! Anayesema Israeli na Myahudi ni kitu kimoja tangu mwanzo, mpe sura hiyo aisome mwenyewe.

Baadaye sana jina likatanuka. Mordekai kwenye kitabu cha Esta anaitwa Myahudi, na mstari huo huo unasema ni Mbenyamini, sio wa kabila la Yuda. Kufika wakati huo Myahudi ni yeyote anayetokana na watu wale na kumwabudu Mungu wao, popote alipo, hata kama yuko Uajemi na Yerusalemu hajawahi kuiona.

Ni kama Mkwawa. Ukimwita Mtanzania hakuna atakayekukamata, ni shujaa wetu na fuvu lake tunalo Kalenga, lakini alikufa 1898 na Tanzania imezaliwa 1964, yeye alijijua kama Mhehe, na ukimuuliza kuhusu Muungano angekushangaa. Ibrahimu kuitwa Myahudi ni hivyo hivyo. Na hapa Waislamu wana aya inayosema wazi, Aal Imran 67, kwamba Ibrahimu hakuwa Yahudi wala Mnasara. Mwanahistoria asiye na dini yoyote atakwambia vivyo hivyo, kwa sababu zake tofauti, kwamba kwenye masimulizi Yuda ni kitukuu wa Ibrahimu, na ufalme wa Yuda na sheria zake vimekuja karne nyingi baadaye.

Walitokea wapi

Ushahidi wa kwanza wa nje ya Biblia wenye jina Israeli ni jiwe la Farao Merneptah, lilichimbuliwa Thebes huko Misri mwaka 1896. Limeandikwa kama 1208 KK. Farao anajisifu kwa vita alizoshinda, na karibu na mwisho anasema Israeli imeteketezwa, mbegu yake haipo tena. Ni maringo ya kifalme, maana hao walioteketezwa bado tunawajadili leo. Cha kuangalia ni alama: mwandishi wa Misri kwenye majina ya miji jirani kaweka alama ya nchi, kwenye Israeli kaweka alama ya watu. Kwa hiyo kama miaka 3,200 iliyopita kulikuwa na kundi la watu pale Kanaani linaitwa Israeli, bado sio nchi wala ufalme.

Sasa hao watu ni kina nani? Wengi wetu tunajua jibu moja, walitoka Misri na Musa, wakavuka bahari, wakazunguka jangwani miaka 40, wakaingia na Yoshua wakaangusha kuta za Yeriko na kuwafagia Wakanaani. Wachimbaji walienda na picha hiyo hiyo kichwani, wengine walikuwa wachungaji kabisa, jembe mkono mmoja Biblia mkono mwingine, na ardhi ikawapa jibu tofauti.

Yeriko ilichimbwa na Kathleen Kenyon, mwanaakiolojia wa Kiingereza, miaka ya 1950 akakuta mji wenye kuta ulishateketea kama 1550 KK, na kwenye miaka ambayo Yoshua angefika, yaani ya 1200 na kitu KK, hapakuwa na ukuta wa kuangusha. Kwenye milima ya katikati, kati ya Yerusalemu na bonde la Yezreeli na kuzunguka huko, ndo wakakuta jambo. Kuanzia kama 1200 KK vinachipuka vijiji vidogo vidogo zaidi ya 200 sehemu ambayo kabla yake ilikuwa karibu tupu. Nyumba chache, hakuna jumba la mfalme, kuta za ulinzi ni nadra, mashamba ya matuta kwenye miteremko, visima vya kuhifadhi maji ya mvua vilivyochongwa kwenye mwamba, mitungi mikubwa ya nafaka. Na ukiangalia vyombo vyao vya udongo, ni muendelezo wa vile vile vya Wakanaani, ila vya kimaskini, havina urembo. Mifupa ya nguruwe karibu hakuna, wakati kule pwani kwa Wafilisti, miji kama Ashkeloni na Ekroni, nguruwe walikuwa wanaliwa sana.

Kumbuka miaka hiyo dunia yote ya eneo lile ilikuwa inaanguka. Himaya ya Wahiti kule Uturuki ya leo imekufa, mji wa Ugariti wa pwani ya Shamu umechomwa, biashara ya baharini imekatika, Misri inajikongoja. Miji ya Kanaani nayo ikadhoofika, na inaonekana wakulima, wafugaji wa kuhamahama na watu waliochoka na kodi za wafalme wa miji wakapanda milimani kuanza upya. Hao ndo wasomi wengi wa leo wanaona ndo Israeli ya mwanzo. Kwa lugha rahisi, Waisraeli wa kwanza kwa sehemu kubwa walikuwa Wakanaani.

Najua hapo mtu ameshaanza kukunja uso. Lakini Ezekieli 16 nabii anaiambia Yerusalemu usoni asili yako ni nchi ya Wakanaani, baba yako Mwamori na mama yako Mhiti. Na Isaya 19 Kiebrania kinaitwa lugha ya Kanaani. Wenyewe walijua. Kiebrania, Kifoinike na Kimoabu ni lugha za ukoo mmoja, zinakaribiana mno, mtu wa Moabu angeongea na mtu wa Yerusalemu bila mkalimani.

Kuna na wale Habiru, ambao huwa wanaingizwa sana kwenye huu mjadala. Mwaka 1887 huko Amarna, Misri, zilikutwa barua za udongo, mia tatu na zaidi, nyingi zikiwa za wafalme wadogo wa Kanaani kumwandikia Farao miaka ya 1300 na kitu KK. Mtawala wa Yerusalemu, Abdi-Heba, analia kwenye barua zake kwamba Habiru wanachukua nchi, tuma askari. Watu wakaruka, kumbe ndo Waebrania hao! Tatizo ni kwamba Habiru wanatajwa pia Shamu na mpaka huko Mesopotamia, na sio kabila, ni hali ya mtu: mkimbizi, mamluki, jambazi wa porini, mtu asiye na mfalme. Inawezekana baadhi ya waliokuja kuwa Waebrania walitokea kwenye kundi hilo, ila kusema Habiru wote ni Waebrania ni kuruka hatua.

Je kutoka Misri ni hadithi tupu? Mimi sisemi hivyo, na wasomi wengi hawasemi hivyo. Kinachogoma ni ukubwa. Kutoka 12 inataja wanaume 600,000, ukiongeza wake na watoto ni zaidi ya milioni 2, na Misri nzima ya enzi hizo inakadiriwa ilikuwa na watu milioni 3 hivi. Theluthi mbili ya nchi iondoke usiku mmoja na uchumi usitikisike, hakuna karani wa Farao aliyeandika hata mstari, na jangwani kusibaki hata majivu ya moto? Halafu kuna ishu nyingine watu hawaifikirii, Kanaani yenyewe wakati huo ilikuwa chini ya Misri, kulikuwa na ngome ya askari wa Farao pale Beth-sheani, kwa hiyo ukikimbia Misri kwenda Kanaani bado hujatoka mikononi mwake.

Lakini watu wa asili ya Kisemiti walikuwepo Misri kweli, kama watumwa, kama wafanyabiashara, na kuna wakati wengine walitawala kabisa, wale Wahiksosi waliofukuzwa kama 1550 KK. Na ukitazama majina ndani ya kabila la Lawi unakuta ya Kimisri: Musa mwenyewe, Finehasi, Hofni. Kwa nini makuhani wawe na majina ya Kimisri kama hakuna kilichotokea? Ndo maana wapo wanaodhani kikundi kidogo kilitoroka kweli, kikaungana na watu wa milimani, na stori yao ikawa stori ya wote. Mi naona hiyo inaingia akilini kuliko kukataa kila kitu au kukubali kila namba.

Mungu mmoja alichelewa

Hapa ndo pagumu zaidi kwa wengi, kwa hiyo tuende pole pole. Kinachofanya dini ya Kiyahudi ijulikane ni Mungu mmoja, hana mke, hana sanamu, hana mwenzake. Ila watu wale wa milimani hawakuanza hivyo.

Mwaka 1928 mkulima mmoja huko Shamu jembe lake liligonga kaburi, na hapo ukagunduliwa mji wa Ugariti. Vibao vyake vinataja miungu ya eneo lile: El, baba mkuu, mkewe Athirati ambaye kwenye Biblia tunamkuta kwa jina la Ashera, na Baali wa mvua na radi. Sasa jina Israeli lenyewe lina El mwishoni. Na Kutoka 6:3 Mungu anamwambia Musa kwamba kwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo alijulikana kama El Shadai, Mungu Mwenyezi, ila kwa jina lake la Yahwe hakujulikana kwao. Mwandishi wa mstari huo anajua kabisa kwamba jina lilikuja baadaye.

Lilikuja kutoka wapi? Mashairi ya zamani kabisa ndani ya Biblia, kama wimbo wa Debora kwenye Waamuzi 5, yanasema alitokea Seiri, nchi ya Edomu, yaani kusini jangwani, sio Yerusalemu. Na kwenye hekalu la Farao Amenhotep III pale Soleb, Sudan, miaka ya 1300 na kitu KK, kuna orodha ya wafugaji wa jangwani wanaoitwa Shasu, na mojawapo ya nchi zao inasomeka Yahu. Kwa hiyo maandishi ya zamani zaidi yanayoonekana kuwa na jina hilo yako Afrika, kando ya mto Nile, na nashangaa hatulisemi hilo wakati tunashinda tunagombania rangi za ngozi.

Yahwe wa kusini akaja akachukuliwa kuwa ndiye El, Mungu wa Israeli. Lakini majirani zake hawakuondoka. Kuntillet Ajrud, kituo cha wasafiri kule Sinai, kilichimbwa 1975 na 1976, wakakuta mitungi ya kama 800 KK imeandikwa baraka: nakubariki kwa Yahwe wa Samaria na Ashera wake. Kama Ashera hapo ni mungu mke au ni nguzo yake ya ibada, bado wanabishana, lakini alikuwa pamoja naye. Na sio kule porini tu. 2 Wafalme 23 inasema mfalme Yosia alitoa Ashera kutoka ndani ya hekalu la Yerusalemu lenyewe, na kulikuwa na wanawake humo ndani wakimfumia mapazia. Hiyo ni kama 622 KK, miaka zaidi ya 300 tangu Sulemani!

Kwa hiyo tukisoma manabii wanapiga kelele kuhusu Baali na Ashera, tusidhani wanapigana na kitu cha kigeni kilichopenya mlango wa nyuma. Walikuwa wachache wanaosema Yahwe peke yake, dhidi ya wengi waliosema Yahwe na wengine. Wachache hao ndo walikuja kushinda, na ndo walioandika na kuhariri vitabu.

Kushindwa vita ndo kukazaa dini

Falme zilikuwa mbili, hapo hakuna ubishi. Israeli ya kaskazini ilikuwa kubwa na tajiri, Yuda ya kusini ndogo na ya mlimani. Jiwe la mfalme Mesha wa Moabu la kama 840 KK linamtaja Omri mfalme wa Israeli na linamtaja Yahwe kwa jina. Jiwe la Tel Dan lililopatikana 1993 linataja Nyumba ya Daudi, kwa hiyo wale waliokuwa wanasema Daudi ni wa kutunga ilibidi wapunguze sauti.

Waashuru wakaiangusha Samaria 722 KK, wakahamisha watu, Mfalme Sargoni anajisifu kateka zaidi ya 27,000. Hapo ndo inatoka habari ya makabila kumi yaliyopotea. Ukweli ni wa kawaida zaidi: wengine walihamishwa wakayeyuka kwenye mataifa, wengine walibaki palepale, na Wasamaria wachache wapo mpaka leo mlima Gerizimu na Holoni, na wengi wakakimbilia kusini, Yerusalemu ikafura. Walikimbia na masimulizi yao. Inaonekana ndo wakati kumbukumbu za kaskazini na za kusini zilipoanza kushonwa pamoja.

Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru akaja, anasema ameteka miji 46 ya Yuda na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni. Mji haukuanguka. Watu wakajenga imani kwamba hapa hapaguswi, nyumba ya Mungu iko hapa.

Halafu ikaguswa. Nebukadneza wa Babeli akamchukua mfalme Yekonia wa Yuda mateka 597 KK, na 586 KK akachoma hekalu. Vibao vya mgao wa chakula vilivyokutwa Babeli kabisa vinataja mafuta anayopewa mfalme wa Yuda na wanawe watano, yaani tuna mpaka risiti.

Kwa desturi za wakati ule, hekalu likichomwa maana yake mungu wako kashindwa, unahamia kwa aliyeshinda. Moabu walifuata njia hiyo, Edomu wakafuata, leo nani anamwabudu Kemoshi, mungu wa Moabu? Hawa wa Yuda wakageuza hesabu: hatukushindwa sisi kwa sababu Yahwe ni dhaifu, tumeshindwa kwa sababu ni yeye aliyemtuma Babeli atuadhibu kwa kuvunja agano. Ukisema hivyo umesema jambo kubwa sana bila kujua, maana kama Yahwe anamwamrisha Nebukadneza basi mungu wa Babeli ni si kitu, na Yahwe ni Mungu wa dunia nzima. Ndo unakuta Isaya 45, sura inayomtaja Koreshi wa Uajemi kwa jina, inasema waziwazi: mimi ni Bwana na hakuna mwingine. Maneno makali kiasi hicho ya kukataa kwamba wengine hata wapo, huyakuti kirahisi kwenye maandishi ya kabla ya uhamisho.

Na kwa kuwa hekalu hakuna, ardhi hakuna, mfalme hakuna, kilichobaki ni vitu unavyoweza kubeba: Sabato, tohara, chakula, jina la Mungu, na maandishi. Hapo ndo Myahudi anaanza kuwa Myahudi popote. Kuna vibao vya kijiji cha Babeli kilichoitwa Al-Yahudu, mji wa Yuda, vinaonyesha wahamishwa wanakodi mashamba, wanalipa kodi, wanakopeshana nafaka, maisha yanaendelea. Koreshi alipoiteka Babeli 539 KK na njia ikafunguka, wengi wala hawakurudi. Waliorudi wakajenga hekalu la pili, likaisha kama 515 KK.

Ila hata hapo usidhani kila mtu sasa ameshika Torati mkononi. Kisiwa cha Elephantine, jirani na Aswan ya leo, kulikuwa na Wayahudi askari wa jeshi la Waajemi, na nyaraka zao za karne ya 5 KK tunazo. Walikuwa na hekalu lao la Yahu na walichinja sadaka humo, ingawa Kumbukumbu la Torati inataka mahali pamoja tu pa sadaka. Hawamtaji Musa. Kwenye orodha ya michango kuna fedha za Yahu na fedha za Anati-Betheli, mungu mke. Hekalu hilo lilipobomolewa na watu wa pale 410 KK, waliandika Yerusalemu kuomba sapoti, bila wasiwasi wowote kwamba wanakosea. Na Yerusalemu yenyewe imekutwa mifupa ya kambare, samaki asiye na magamba, ambaye sheria inakataza, ya enzi za wafalme na hata ya enzi za Waajemi.

Torati kama sheria inayofuatwa na mtu wa kawaida jikoni na chumbani, ushahidi wake unajaa karne ya 2 KK kuja huku, ndo unaanza kuona mabirika ya kujitakasa yamechongwa kwenye mwamba na vyombo vya mawe visivyonajisika. Ni wakati wa Wamakabayo, walioasi baada ya mfalme Mgiriki Antioko kuchafua hekalu 167 KK, na sherehe ya Hanuka inatoka hapo. Kwenye kitabu cha pili cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki wanacho kwenye Biblia yao, ndo dini hiyo inatajwa kwa jina lake kama mfumo kwa mara ya kwanza tunayoijua.

Halafu Warumi wakachoma hekalu tena, 70 BK. Sadaka zikakoma mpaka leo. Walimu wa sheria, wale tunaowasoma kama Mafarisayo, na warithi wao marabi, wakakaa Yavne na baadaye Galilaya na Babeli wakageuza kila kitu kuwa sala, masomo na majadiliano: Mishna, mkusanyiko wa sheria zao za mdomo, ikakusanywa kama 200 BK, ikafuata Talmudi, majadiliano ya marabi juu ya Mishna hiyo. Uyahudi unaouona leo, wenye sinagogi, rabi na kosha (chakula kinachoruhusiwa na sheria yao), ni huo. Ukristo ulizaliwa karne ile ile hekalu lilipochomwa, kutoka nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo kusema Uyahudi ni mama wa Ukristo sio sahihi sana, ni ndugu wawili waliogombania urithi.

Turudi kwenye ubishi wa grupu

Hao wa sasa ni Wakhazari? Khazari ulikuwa ufalme kaskazini mwa Bahari ya Caspian, na wakubwa wao waliingia Uyahudi karne ya 8 au ya 9 BK, hilo lipo. Ila vipimo vya DNA vya Wayahudi wa Ulaya vinaonyesha mchanganyiko wa Mashariki ya Kati na Ulaya, hasa ya kusini, sio Khazari. Na utafiti wa mifupa ya Wakanaani uliotoka 2020 ulionyesha kuwa makundi mengi ya Wayahudi wa leo, na watu wanaoongea Kiarabu wa eneo lile lile, wote wanabeba sehemu kubwa ya asili hiyo ya kale. Anayetaka kutumia damu kuthibitisha upande mmoja tu ndo mwenyeji, damu haitamsaidia.

Walikuwa weusi? Wamisri walichora Wasemiti kwenye kaburi la Khnumhotep pale Beni Hasan, kama 1890 KK, na wamewapa rangi nyepesi kuliko yao wenyewe, ndevu, na nguo za mistari. Walifanana na watu wa Shamu na Palestina wa leo. Sio Wazungu wa kwenye kalenda za kanisani pia, hizo picha ni za Ulaya. Watu weusi wamo ndani ya stori, wala hatuhitaji kulazimisha: Musa alioa Mkushi, Ebedmeleki Mkushi alimtoa Yeremia shimoni, Tirhaka mfalme wa Kushi aliingia vitani dhidi ya Senakeribu. Na Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, ni Wayahudi na ni weusi, hakuna swali hapo.

Wamaasai? Hiyo ilivumishwa na afisa wa Kijerumani aliyekuwa Moshi, Moritz Merker, kwenye kitabu chake cha 1904, akiona masimulizi ya Wamaasai yanafanana na Mwanzo. Kimaasai ni lugha ya Kinailoti, ndugu zake wako Sudan Kusini, haina undugu na Kiebrania. Wakoloni walipenda sana kila kabila walilolihusudu wampe babu wa kutoka nje ya Afrika.

Sasa linabaki lile swali ambalo kila mtu anauliza mwishoni, Myahudi ni kabila au ni dini? Ukifuata njia yote hii utaona kwa nini jibu ni vyote viwili: walianza kama watu, dini ikaja kujengwa pale walipopoteza kila kingine, na dini ikishakuwa kitu cha kubebeka mtu wa nje anaweza kuibeba. Kwa sheria ya marabi ni Myahudi aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka kwa taratibu zao. Mfano uko hapo jirani tu, Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, mkuu wa kivita wa Kiganda aliyewahi kuwafanyia kazi Waingereza, alisoma Agano la Kale akaona tohara na Sabato havijafutwa, mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Wafuasi wake wanaitwa Abayudaya. Idi Amin aliwapiga marufuku, wengi wakaacha, waliobaki wakaendelea kusali kwa siri, na 2002 marabi kutoka nje wakaja wakawaongoa mamia kwa taratibu rasmi. Wanasali kwa Kiebrania na Kiganda, na hawajawahi kudai kuwa ni kabila lililopotea.